Namna ya kumtambua mfanyakazi mwenye uwezo wa kwenda mbali, na kumkuza: mwongozo kamili kwa makampuni ya Lubumbashi

Mwongozo huu ni wako wewe unayeongoza watu katika kampuni ndogo au ya kati hapa mjini: garaji ya magari makubwa, depo ya vipuri, wakala wa forodha anayeshughulikia mizigo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kampuni inayochukua kazi za mkataba migodini. Una watu 20, au 60, labda 150. Shefu wa karakana yuko karibu kustaafu, au ameitwa kwenye migodi ya Kolwezi kwa mshahara usioweza kuufikia, na unajiuliza nani atakaa pale. Kwa kawaida jibu hutafutwa nje. Tangazo linatoka, CV zinamiminika, mtu anaajiriwa, na miezi michache baadaye inajulikana kwamba msaidizi wa fundi aliyekuwa akimpokea mizigo mlangoni anaielewa kazi ile kuliko yeye.

Mara nyingi mtu unayemtafuta yumo ndani tayari. Humwoni kwa sababu unamtazama akifanya kazi aliyoizoea, na katika kazi iliyozoeleka watu wengi hufanana. Uwezo wa kukua huonekana pale mtu anapokutana na jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Kwa hiyo kazi yako ni kuyatengeneza makutano hayo kwa makusudi, kuyaangalia kwa makini, na kuandika ulichokiona.

Hatua ya 1: Anza na kiti kabla ya mtu

Ukianza kwa kuuliza "nani ni mzuri hapa?", utapata majina ya wale unaowapenda. Anza na viti. Andika kwenye karatasi nafasi zile ambazo zikibaki wazi wiki mbili, kazi inasimama. Katika kampuni ya watu 60 huwa hazizidi tano au sita.

Chini ya kila kiti andika maamuzi matatu magumu ambayo mwenye kiti huyafanya. Maamuzi, usiandike majukumu. Shefu wa depo, kwa mfano: anaamua nini kiagizwe kabla hakijaisha, akijua kwamba mzigo unaweza kukwama mpakani; anaamua nani anyimwe kipuri leo wakati mafundi wawili wanakitaka; anaamua aseme nini mteja anapopiga simu usiku kwamba mashine imesimama. Karatasi hiyo ndiyo kipimo chako. Mtu anayeweza kukua kuelekea kiti kile ni yule anayeanza kuonyesha dalili za maamuzi hayo akiwa bado hana cheo.

Hatua ya 2: Tenganisha kazi nzuri ya leo na uwezo wa kesho

Hapa ndipo makampuni mengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fundi anayechomelea vizuri kuliko wote si lazima awe shefu mzuri wa wachomeleaji. Watafiti watatu wa Marekani, Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue, walichapisha mwaka 2019 uchunguzi juu ya wauzaji katika makampuni zaidi ya 100. Waliona kwamba muuzaji aliyeuza sana ndiye aliyepandishwa cheo kwa urahisi zaidi, lakini kadiri mauzo yake ya zamani yalivyokuwa makubwa, ndivyo watu aliopewa kuwaongoza walivyoelekea kufanya vibaya. Waliozoea kuuza kwa kushirikiana na wenzao ndio waliotoka wasimamizi bora.

Hata sisi tunaliona kila siku. Fundi hodari akipewa timu, kijana akichelewa kidogo kwenye kiungo, shefu anamnyang'anya kifaa na kumaliza mwenyewe. Kazi inatoka safi, kijana hajifunzi kitu, na baada ya mwaka kampuni imempoteza fundi wake bora na haijapata shefu.

Kwa hiyo kila mtu mpime mara mbili, kwa nyakati tofauti. Swali la kwanza: kazi aliyopewa anaifanyaje? La pili: akipewa kazi kubwa zaidi, au ya namna nyingine, kuna ushahidi gani kwamba ataimudu? Na fundi hodari asiyetaka kuongoza mumheshimu hivyohivyo alivyo. Mtengenezeeni ngazi yake ya ufundi yenye mshahara unaopanda, ili asilazimike kuomba cheo cha kuongoza watu kwa ajili tu ya kulipa ada ya shule ya watoto.

Hatua ya 3: Jua dalili zenyewe

Chukua mfano wa depo ya vipuri vya mashine za mgodini, upande wa barabara ya Likasi. Msichana mmoja ameajiriwa kupokea na kutoa vipuri na kuviandika kwenye daftari. Kazi yake inaishia hapo. Baada ya muda unaona kwamba pembeni ya kila mstari ameanza kuandika namba ya mashine iliyochukua kipuri, kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyemtuma. Wiki kadhaa baadaye anakuja na daftari limefunguliwa: "Shefu, ile pompi ya mashine ya pili tunaibadilishia vipuri kila wakati. Mie naona haiharibike juu ya vipuri, inaharibika juu ya mafuta. Zingine zote ziko na mafuta ya pipa lingine."

Huenda amekosea kuhusu mafuta. Hilo si muhimu bado. Angalia alichokifanya: ameona jambo linalojirudia, amekusanya ushahidi bila kuagizwa, amelinganisha, amejenga wazo, na amelipeleka kwa mtu anayeweza kulifanyia kazi badala ya kunung'unika nalo chini ya mwembe. Sasa mjibu, kisha utazame dalili iliyo kubwa kuliko zote: ukimwonyesha kwamba pipa lile ni la mafuta sawasawa na mengine, anafanya nini? Akinuna na kufunga daftari, subiri kwanza. Akiuliza "basi itakuwa nini?" na kesho yake akarudi na wazo lingine, huyo mwandike jina.

Dalili nyingine ziko karibu na hiyo. Wenzake humwendea kuuliza ingawa hana cheo. Akifundishwa kitu mara moja, mara ya pili anakifanya kwa namna yake. Akiharibu, anasema mapema, kabla hujagundua. Anaijua kazi inayotangulia yake na inayofuata: deklaranti (mtu wa karatasi za forodha) anayempigia dereva simu kabla lori halijafika Kasumbalesa, ili karatasi inayokosekana itafutwe mapema, ameiona kazi nzima, siyo kipande chake tu.

Kuna vitu vinavyoonekana kama dalili na si dalili. Kuwahi kufika na kuchelewa kuondoka ni bidii, na bidii inastahili shukrani, lakini peke yake haisemi mtu ataweza nini. Kusema sana mkutanoni pia. Debe tupu haliachi kuvuma, na katika ofisi zetu debe hilo mara nyingi limepewa ofisi yenye klimatizeri (kiyoyozi).

Hatua ya 4: Ondoa vinavyowaficha watu

Cha kwanza hapa kwetu ni Kifaransa. Fomu ya tathmini iko kwa Kifaransa, ripoti ni kwa Kifaransa, mkutano na mteja vilevile. Mtu anayeieleza injini yote kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, anakaa kimya mkutanoni na anaandikwa "hana mchango". Kumbe fomu imepima lugha. Dawa yake ni nyepesi: mpeleke kwenye mashine, mwambie aeleze tatizo kwa lugha anayoitaka, usikilize mpangilio wa mawazo yake. Kifaransa cha ripoti hufundishika, na akianza na ripoti fupi ya kila siku ataendelea haraka. Akili ya kupanga tatizo hufundishika kwa taabu zaidi.

Cha pili ni mkataba wa siku. Wengi wa watu wetu wako chini ya kapita, yaani msimamizi wa vibarua, wanahesabiwa asubuhi na kulipwa kwa siku. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mtu wa siku aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Kuna waajiri wanaohesabu siku kwa uangalifu ili mtu asifike 22, kisha wanamleta mwingine. Wanavunja roho ya sheria, na pia wanamwaga nje watu walioanza kuijua kazi yao. Mwulize kapita kila mwezi swali moja: "Kati ya watu wako, ukiumwa kesho, nani unamwachia timu?" Jina likirudia miezi mitatu, mwite mtu huyo umwone.

Cha tatu, undugu. Kabila, mtaa, kanisa, shule tuliyosoma pamoja. Sitarefusha, kila mtu wa mji huu anajua gharama ya kugawa kazi kwa asili ya mtu. Dai ushahidi ulioandikwa kwa kila jina, hata jina la mpwa wa mkurugenzi. Mpwa huyo kama anaweza, ushahidi utamtetea mbele ya wote na hatatembea na aibu.

Cha nne hakizungumzwi sana: shefu anayemficha mtu wake. Msaidizi akiwa hodari, shefu wake anaogopa kunyang'anywa, au anaogopa kupitwa. Utasikia "huyu bado, bado" mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo usimtegemee shefu mmoja tu kukuletea majina, na iweke wazi kwamba shefu anayetoa watu wanaopanda atahesabiwa kuwa shefu mzuri, na atapewa mtu wa kuziba pengo kabla hajachukuliwa wake.

Wanawake nao. Katika makampuni mengi ya ufundi wamewekwa kwenye usafi, jikoni, mapokezi na depo, halafu tunasema hatuwaoni karakanani. Pita makusudi kwenye sehemu hizo unapotafuta majina.

Hatua ya 5: Daftari moja, mkutano mmoja

Kila msimamizi awe na ukurasa kwa kila mtu wake, na aandike matukio, kwa tarehe. "Ni mtu mzuri, ana akili" hakikubaliki. "Shefu alipokuwa hayupo, aligundua hesabu ya matairi haifanani na bon (hati) za kutolea, akasimamisha utoaji, akanipigia" kinakubalika.

Mara mbili kwa mwaka wasimamizi wakae saa mbili au tatu mlango ukiwa umefungwa. Makampuni makubwa hutumia mraba wenye visanduku tisa: upande mmoja utendaji wa leo, upande wa pili uwezo wa kukua, kila upande ngazi tatu. Chombo hicho kilizaliwa Marekani miaka ya 1970, kampuni ya washauri McKinsey ilipoisaidia kampuni kubwa ya General Electric kuamua biashara zake zipi ziwekezwe fedha, na baadaye kikahamishiwa kwa watu. Kinafaa, mradi mkumbuke kwamba mtu si biashara ya kuuzwa. Kwa kampuni ya watu 40 karatasi yenye mistari inatosha.

Faida kubwa ya mkutano iko kwenye ubishi. Mmoja akisema "huyu yuko juu", wengine wamwulize: tukio gani? Lini? Nani mwingine aliliona? Jina lisilo na matukio mawili yaliyoonwa na watu wawili tofauti lisubiri mkutano ujao. Na mkitoka mle, maneno yabaki mle.

Hatua ya 6: Mpe kazi inayomzidi kidogo

Hii ndiyo hatua yenyewe, zilizotangulia zilikuwa kuandaa njia. Watafiti wa Center for Creative Leadership kule Marekani waliwauliza viongozi, miaka ya 1980, wapi walijifunza mambo yaliyowajenga. Majibu yakazaa kanuni maarufu ya 70, 20, 10: sehemu kubwa ilitoka kwenye kazi ngumu walizopewa, kiasi kwa watu waliowaongoza, na kidogo darasani. Namba zenyewe ni za kukadiria tu, msizichukue kama kipimo cha duka. Lakini mwelekeo wake kila fundi wa zamani atakuthibitishia.

Nafasi nzuri kuliko zote inakuja yenyewe kila mwaka: congé (likizo) ya shefu. Badala ya kumwachia kiti mwenye umri mkubwa kwa mazoea, mwachie yule unayemkuza. Wiki moja kabla, akae na shefu wake asubuhi mpaka jioni. Shefu amwandikie mambo matatu anayoweza kuyaamua peke yake, na mawili ambayo lazima apige simu kwanza, kwa mfano kununua kitu cha zaidi ya kiasi fulani au kumsimamisha mtu kazi. Waambie timu nzima, mbele yake, kwamba kwa wiki hizo neno lake ndilo neno. Bila tangazo hilo umemtupa kwa simba. Wazee wa karakana watamfanya mtoto.

Halafu usimwingilie. Msimamizi anayepita kila saa kumwuliza "uko bien?" anamnyima kitu kilekile alichomletea. Mpangieni dakika 20 jioni, na umwulize maswali mawili: leo uliamua nini, na ulijuaje kwamba ndicho? Usianze kwa kumsahihisha.

Zipo kazi nyingine za namna hiyo zisizosubiri congé. Mpe hesabu ya mwisho wa mwaka ya depo aisimamie mwanzo mpaka mwisho. Mpeleke kwenye kikao na mteja, mara ya kwanza asikilize, mara ya pili aeleze sehemu yake. Mpe wanafunzi wa stage (mafunzo ya vitendo) kutoka chuo cha ufundi ISTA au Polytechnique ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, awafundishe miezi yao yote, uone kama wanaondoka wakijua kitu: hakuna njia ya bei nafuu zaidi ya kumpima mtu kama ataweza kuongoza. Mbadilishe idara kwa majuma machache, fundi aende depo, mtu wa depo aende uwanjani aone jinsi vipuri vyake vinavyoteseka.

Jaribio liwe na mwisho unaojulikana. "Utashika mpaka tutakapoona" ni njia ya kumfanyisha mtu kazi ya shefu kwa mshahara wa msaidizi. Andika tarehe, na nyongeza ya muda huo iandikwe kwenye barua.

Hatua ya 7: Mpe mtu, na mpe shule

Mlezi wake asiwe shefu wake wa moja kwa moja. Mtu hawezi kumwambia anayemtia saini tathmini kwamba kuna jambo linamshinda. Tafuta mzee wa kazi wa idara nyingine, wakutane mara moja kwa mwezi, na kampuni iwape muda wa saa za kazi. Mlezi mmoja asipewe zaidi ya watu wawili.

Kuhusu shule, wengi hawatumii kile wanacholipia tayari. Kila mwajiri anachangia INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoundwa 1964, asilimia ya mishahara anayolipa: 3 kwa kampuni ya mpaka watu 50, 2 kwa ya watu 51 hadi 300, 1 kwa inayozidi hapo. INPP iko hapa Lubumbashi. Nenda ofisini kwao na orodha ya mahitaji yako, uulize mafunzo gani yapo na yapi yanaweza kupangwa kwa ajili ya watu wako: umeme wa viwanda, makanika, usimamizi wa depo, kompyuta. Fedha umekwisha kuitoa. Mtu akitoka mafunzoni, ndani ya mwezi apewe kazi inayotumia alichojifunza, la sivyo kitayeyuka.

Hatua ya 8: Mwambie ukweli, kisha mlipe

Wasimamizi huogopa kumwambia mtu kwamba wanamwona, wasije wakamvimbisha kichwa. Matokeo yake anasikia kwanza kutoka kwa kampuni nyingine. Mwite, ongea wazi: "Papa, tumeona unavyofanya kazi. Tunataka kukuandaa kwa nafasi kubwa zaidi. Hatukuahidi kiti, kwa sababu kiti hakijawa wazi na wewe bado una ya kujifunza. Tunakuahidi kazi ngumu zaidi, mtu wa kukuongoza, na kwamba Juni tutakaa tena hapa tuangalie." Halafu Juni ikifika, mkae.

Na mshahara usogee. Kidogo, lakini usogee, kwa barua. Mji huu una kumbukumbu ndefu ya watu waliofundishwa bila kupandishwa. Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa ukoloni wa Wabelgiji iliyoundwa 1906, iliamua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi wake na familia zao makambini kwa mikataba mirefu, ikafungua shule, ikafundisha mafundi. Babu zetu wengi walijifunza kazi pale, na walijifunza vizuri. Lakini viti vya maamuzi vilikuwa vya Wazungu mpaka karibu na uhuru wa 1960. Watu walisubiri maisha yao yote wakiwa wasaidizi wa vijana wageni waliokuja kufundishwa nao. Mfanyakazi wa leo ana simu mfukoni na rafiki kwenye migodi ya Fungurume, hasubiri.

Hatua ya 9: Wasiochaguliwa, aliyeshindwa, na anayeondoka

Wasiochaguliwa wataona, hata usipotangaza. Wapokee wanaokuja kuuliza, waonyeshe kipimo cha Hatua ya 1, waambie tukio gani lingekufanya uwafikirie. Wajumbe wa sendika (chama cha wafanyakazi) waelezeni utaratibu kabla haujaanza, kwa sababu utaratibu usioelezwa huitwa upendeleo, na kwa haki. Orodha isiwe ya kudumu: kila mkutano jina linaweza kutoka na lingine kuingia.

Aliyejaribiwa akashindwa arudi kwenye kazi yake bila kupunguziwa heshima wala mshahara wa awali. Ukimwaibisha mmoja, hakuna mwingine atakayekubali jaribio. Angalia pia kama alishindwa yeye au mlimpa timu isiyoambiwa kwamba ndiye mkubwa.

Baadhi wataondoka, hata ukifanya yote haya. Migodi italipa zaidi, na mtu ana watoto. Usimkasirikie na usimzuilie karatasi zake. Mwombe wiki zake za mwisho azitumie kumfundisha anayemfuata, ambaye jina lake unapaswa kuwa nalo tayari kwenye daftari. Cheti chake cha kazi kitaje vitu alivyovisimamia kwa kweli: depo ya vipuri kwa mwezi mzima, hesabu ya mwaka, wanafunzi wanne wa stage. Na kabla hajatoka mlangoni muulize, mkiwa wawili tu, nani mwingine humu ndani hamjamwona.